Mpira Uliokosa

Mimi ni mfupi. Nasema mapema ili mtu asije akanionea huruma uwanjani, maana huruma ya watu warefu huja na kupapaswa kichwani, na hiyo mimi siwezi. Futi tano na inchi moja, nikiwa nimevaa raba. Lakini Jumamosi ile ya Juni, mwaka wa tisini na sita, shida yangu haikuwa kimo.

"Umesikia?" Edinah aliniuliza asubuhi, tukipiga mswaki kwenye mfereji wa bweni. Edinah ndiye aliyekuwa kapteni wetu na rafiki yangu, na hakuna habari iliyopita pale chuo cha ualimu bila kuanzia kwake.

"Nimesikia nini?"

"Kocha amepata barua ya kazi. Amepelekwa Lodwar. Anapanda basi Jumatatu asubuhi."

Nilisukutua mdomo polepole, nikatema. "Lodwar ni mbali," nikasema.

"Ni hayo tu?"

"Na kuna jua."

"Fancy Chepkorir, wewe ni mgumu. Umekonda kwa ajili ya huyu mtu miezi sita, sasa anaenda, na wewe unaniambia mambo ya jua."

Nilienda nyuma ya bweni, nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kufunga kamba za raba. Mechi ilikuwa saa saba, na ilikuwa fainali.

Kocha mwenyewe ni Oketch. Usifikirie mzee mwenye kitambi na filimbi. Alikuwa na miaka ishirini na minne, alikuwa amemaliza ualimu pale pale chuoni mwaka uliotangulia, na mkuu wa chuo alimwomba aendelee kuzoeza timu ya wasichana huku akingojea kazi. Baba yake ametoka upande wa ziwa, fundi wa boila katika kiwanda kimoja cha chai, na Oketch alizaliwa huku huku Kericho, kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi. Kikipsigis anakijua, kile cha kununua maziwa na cha kubishana na makanga. Cha wazee wakikaa sebuleni hakijui. Hilo sikulifikiria hata siku moja, na ndilo lililoniponza.

Nilimpenda kwa sababu ya mpira uliokosa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano, yeye akiwa mwaka wa pili na mimi wa kwanza. Chepyegon, msichana wetu mmoja tu mrefu, alikuwa amemaliza masomo na kwenda zake, na chuo kizima kilikuwa kimeshatuzika. Oketch alitupanga mstari uwanjani, wafupi watupu, akatuangalia kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hatuna mrefu," akasema. "Sawa. Basi hatutacheza mchezo wa warefu."

"Tutacheza nini, bano kama watoto?" Edinah akauliza.

"Mtasimama wote watano nje, mbali na ringi. Yule mrefu wao atafanya nini? Akibaki chini ya ringi, mnarusha bila mtu wa kuwazuia. Akiwafuata nje, nyuma yake kunabaki shamba tupu. Mnaingia huko mbio."

"Na tukikosa?" nikauliza mimi.

Alitabasamu. Nafikiri alikuwa akingojea mtu aulize. "Mtakosa. Hata wale wa Nairobi hukosa. Sitamgombeza mtu kwa kukosa. Nitamgombeza yule anasimama hapo akiangalia mpira umekosa kama mtu anaangalia ndege ikipita."

Akatufundisha ribaundi, kuufuata mpira uliokataa kuingia. Ukirushwa kutoka kona hii ukakosa, mara nyingi unaangukia upande wa pili. Ukirushwa kutoka mbali, unadunda mbali. Usingoje mpira ufike kwenye ringi ndipo uondoke. Soma mkono wa anayerusha, ondoka. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alikuwa akituambia. "Inama, pita chini ya kwapa lake, mpe mgongo. Na kitu kingine. Mrefu huruka mara moja. Wakati anashuka, wewe uwe unapanda mara ya pili."

Siku hiyo niliokota mipira saba. Baada ya zoezi akaniita.

"Nani alikufundisha?"

"Chai."

"Chai gani?"

"Ya baba, huko Kiptere. Nimechuma tangu darasa la nne. Mkono unachuma hapa, macho yako kwa kichaka kinachofuata, na majani unatupa kwa kikapu mgongoni bila kugeuka."

Aliiangalia mikono yangu kwa muda mrefu. Mikono hii ina weusi wa utomvu wa chai ambao hata sabuni ya kipande haiutoi, na nilitaka kuificha. "Mikono yako haikungoji," akasema. Basi. Mimi nilimalizwa hapo hapo.

Tangu siku hiyo, kila mechi ikifika nusu, Oketch aligawa machungwa yeye mwenyewe, na kipande changu kilikuwa kimeshamenywa. Wengine walimenya kwa meno. Edinah alikuwa akinikanyaga mguu kila mara, na mimi nilijifanya sioni kitu.

Desemba akaja nyumbani kuniposa.

Alikuja na mjomba wake, Ogola, mzee mmoja mwenye koti refu la kijivu na sauti ya kanisani. Kwetu msichana haketi barazani mambo yake yakizungumzwa, kwa hivyo nilitumwa kwenye chai. Nilichuma saa mbili bila kujua nachuma nini. Niliona viatu vya Oketch vikimeta vikiingia, nikaviona vikitoka. Jioni mama aliniambia neno moja tu: "Baba yako amewajibu vile watu hujibiwa."

Nililala nikitabasamu. Kwetu hakuna mzee anayetoa msichana siku ya kwanza. Wageni huambiwa hapa hatuna msichana, labda mmepotea njia. Hunywa maziwa, huenda zao, halafu hurudi. Hurudi mara tatu, wengine mara nne. Ndivyo mzee anavyojua kama unamtaka mtoto wake au ulikuwa unapita tu. Shangazi alilalamika kwamba watu wa ziwa hawana desturi zetu, kwamba watoto wangu watasalimia bibi yao kwa lugha gani. Baba, Mzee Bethwel, alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimeuliza kwa kiwanda. Baba yake ni mtu wa kazi."

Jumamosi iliyofuata baba alitoa viti vitatu nje, akavipanga chini ya upenu. Jioni akavirudisha. Jumamosi ya pili vivyo hivyo. Aliviweka nje Jumamosi saba. Mwishoni mwa Februari nilikuja nyumbani nikavikuta ndani, vimepangwa ukutani, na baba akaniuliza bila kuniangalia, "Yule kijana, alikuwa anataka ama alikuwa anapita?"

Ningemjibu nini? Chuoni Oketch alikuwa hanitazami tena. Nilikuwa "namba tano". Namba tano, shuka. Namba tano, ziba. Machungwa alimwachia Edinah agawe. Nami kumwuliza sikuweza, maana kwetu msichana hamwiti mtu wa kumposa. Akimwita amejipeleka mwenyewe, na hata akizeeka atakumbushwa. Nikafunga mdomo na kumtamani kimya kimya, kila siku saa kumi jioni, mita tano kutoka aliposimama.

Hiyo ndiyo miezi sita ambayo Edinah alikuwa akinihesabia.

Fainali tulicheza na timu ngeni kutoka upande wa Kisii. Walikuwa na msichana anaitwa Bochaberi, futi sita kamili, mpole wa uso, na viwiko vyake vilikuwa vikinifika kwenye paji. Uwanja wetu ni wa saruji, una ufa katikati, na upande mmoja umepakana na chai. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilima, na refa alituambia tuharakishe, maana mvua ya Kericho ya saa tisa haingojei mtu.

Tulicheza mchezo wetu. Watano nje, mpira ukizunguka, Bochaberi akitoka, sisi tukiingia nyuma yake. Tulikosa sana. Tulikosa vibaya hata wapishi waliotoka kutazama wakacheka. Lakini kila tulipokosa mmoja wetu alikuwa ameshafika, na tukirusha tena, na tukikosa tena, na tukifika tena, na kufika nusu Bochaberi alikuwa amesimama ameshika kiuno akivuta pumzi.

Edinah aligawa machungwa. Oketch alisimama pembeni, mkono mmoja kwenye mfuko wa koti. Niliona anaangalia raba zangu.

Zikabaki sekunde ishirini. Thelathini kwa thelathini na moja, wao mbele. Oketch aliomba mapumziko, tukamzunguka, tukamwagia jasho.

"Edinah, rusha kutoka kona ya kushoto," akasema. "Ukipata, tumemaliza."

"Na nikikosa?"

Hapo ndipo aliponitazama. Mara ya kwanza tangu Desemba, machoni, na nilisahau kama nilikuwa nahema. "Ukikosa," akasema, "Fancy anajua."

Hakusema namba tano.

Edinah alirusha. Niliuona mkono wake ukichelewa kidogo, nikajua umekosa kabla haujafika nusu ya njia, nikaondoka. Bochaberi alinyoosha mkono kama komeo la lango, nikainama, nikapita chini, nikampa mgongo. Mpira ukagonga ringi, ukaja upande wa kulia, ukaniangukia kifuani. Nikarusha. Ukazunguka ringi, ukatoka.

Nilikosa, ukiwa mkononi mwangu, mbele ya watu wote. Lakini Bochaberi alikuwa ameruka na sasa alikuwa anashuka, na mimi miguu ilikuwa imeshaondoka chini tena. Niliusukuma kwa vidole tu. Ukaingia.

Sikusikia filimbi. Nilisikia Edinah amenirukia shingoni, na akili ilipomtoka aliuchukua mpira akaurusha juu kwa nguvu zake zote, ukapita ua, ukaenda kwenye chai. Mpira wa maana chuoni ulikuwa huo mmoja. Kila mtu alikuwa akiimba na mvua ilikuwa imeanza kudondoka, na mimi, kwa mazoea tu, niliufuata. Na Oketch, aliyeuchukua stoo kwa jina lake, aliufuata pia.

Tuliufikia pamoja, kwenye mstari wa tatu wa chai. Kabla hatujasema neno mvua ya mawe ikaanza. Tulikimbia hadi kwenye kibanda cha kuuzia majani, kile chenye mabati na ndoano za mizani, tukasimama chini yake tukitweta. Siku hiyo hapakuwa na mtu wa kupima majani.

"Hongera kwa kazi," nikasema.

"Asante."

"Ungeniambia lini? Kwa posta?"

Aliuzungusha mpira mikononi, akaupangusa matope kwa shati. "Niliona sina haki ya kukuambia mambo yangu tena."

"Tena kutoka lini?"

"Fancy, unajua."

"Sijui. Nilikuwa shambani nikichuma. Niambie kwa mdomo wako."

"Baba yako alisema hapa hatuna msichana." Sauti yake ilikuwa ya chini, na mawe yalikuwa yakipiga mabati, ilibidi nisogee. "Alisema labda tumepotea njia. Mimi si mtoto. Mjaluo amepiga hodi kwa Mkipsigis, ameambiwa amepotea njia. Ulitaka nielewe nini? Mjomba alinyamaza kutoka kwenu hadi Sondu. Mjomba Ogola, kunyamaza."

Nilishika nguzo.

"Mlipewa maziwa?" nikamwuliza.

"Nini?"

"Maziwa ya kibuyu, mursik. Mlipewa?"

"Tulipewa."

"Nani alimimina?"

"Baba yako mwenyewe."

"Na mjomba alikunywa?"

"Alikunywa kikombe, akaongezwa cha pili. Mbona unaniuliza mambo ya maziwa?"

"Oketch, umeona wapi mtu anafukuzwa akiongezewa maziwa?"

Nilimwambia yote, haraka haraka, jinsi wageni wanavyojibiwa siku ya kwanza, jinsi wanavyotakiwa kurudi. Nilimwambia hata baba yangu, akimposa mama, alijibiwa hivyo hivyo na babu, mara nne, na mara ya tatu alinyeshewa njiani akapata homa ya mapafu akalazwa Longisa. Uso wake ulibadilika polepole, na sikujua kama atacheka au atalia.

"Kwa nini hukuniambia?" akasema.

"Kwetu msichana hamwiti mtu. Na nilijua unajua. Umezaliwa hapa."

"Nimezaliwa laini, Fancy. Nani anakuja laini kutuambia mambo ya ndani ya nyumba zenu? Kwetu jagam, mshenga, hutangulia, anauliza kimya kimya, ndiyo watu wasiaibike mlangoni. Wakishafika, mzee akisema hapana ni hapana. Sisi hatukuwa na mtu wa kutuma, mjomba akasema twende tu."

"Baba aliweka viti nje Jumamosi saba."

"Usiniambie hivyo."

"Vitatu. Anavitoa asubuhi, anavirudisha jioni. Na mimi nakuja nyumbani kila mwisho wa wiki najifanya nimekuja kufua." Nilikuwa nimeanza kulia na sikujali tena. "Wewe unafundisha watu wazima kwamba mpira ukikosa si mwisho, ufuate, ruka tena. Halafu yako ulirusha mara moja, ukaenda nyumbani."

Aliuweka mpira chini, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa chungwa. Lilikuwa limeanza kunywea kwa kukaa mfukoni.

"Tangu Januari nabeba moja kila mechi," akasema. "Nasema leo nitampa. Nikirudi nyumbani nampa mama, anauliza hii chungwa ya kila Jumamosi inatoka wapi."

Alilimenya pale pale. Aliliweka lote kwenye kiganja changu, halafu hakuuondoa mkono. Nilikuwa na miezi sita ya kutaka mkono huo. Ulikuwa na matope na harufu ya chungwa, na nilitamani mvua isikome hadi Jumatatu ipite.

"Nimebaki na kesho tu," akasema.

"Mimi sijakuita."

"Hujaniita."

"Mtu akiuliza, mimi nilifuata mpira."

"Nitasema hivyo," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Jumapili niliomba ruhusa, nikaenda nyumbani. Mama sikumwambia kitu. Tulitoka kanisani saa sita. Saa saba nikateka maji ambayo hayakuhitajika. Saa nane nikafagia uwanja uliofagiliwa, nikisimama kila mara kuangalia njia inayoshuka kati ya chai yetu na ya jirani. Njia ilikuwa tupu. Nilijiambia mjomba amekataa. Nilijiambia ameanza kufunga sanduku akaona Lodwar ni rahisi kuliko Kiptere. Saa tisa mvua ikanyesha na mimi nikaingia jikoni, nikakaa kwenye kigoda karibu na moto, nikakubali kwamba hawaji.

"Kuna wageni," mama akasema.

Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Koti la kijivu lilitangulia, limelowa hadi magotini. Nyuma yake alikuja Oketch, viatu vyake vimejaa tope jekundu na haviwezi kumeta hata kwa muujiza. Baba alitoka, akawaangalia. Akarudi ndani, nikafikiri amewafungia. Alitoka amebeba viti viwili mkononi na kimoja kwapani, akavipanga chini ya upenu mwenyewe, pale pale vilipokuwa vikikaa.

Walisalimiana kirefu. Waliulizana mvua, ng'ombe, bei ya majani. Kisha Ogola akasimama, akasema kwa ile sauti yake ya kanisani kwamba wamesikia kuna msichana katika boma hili, na kijana wao anaomba.

"Tumesikia," baba akasema. "Lakini hapa hatuna msichana. Labda mmepotea njia."

Hata mimi niliyejua, moyo ulinisimama. Niliona Ogola anakusanya koti lake, anaanza kuondoka. Mkono wa Oketch ulimshika upindo.

"Mzee," Oketch akasema, "tulipokuja hatukupotea. Tulipotea wakati wa kurudi. Ndiyo tumechelewa miezi sita."

Baba alikuna kidevu. Mvua ilidondoka kutoka kwenye mabati mbele yao. "Miezi sita ni mingi," akasema.

"Ni mingi. Naomba msamaha."

"Na kesho unaenda Lodwar."

Oketch alishtuka. "Mzee amejua aje?"

"Baba yako. Mimi hupita kiwandani." Baba aliangalia pembeni, kama mtu aliyeshikwa akifanya jambo jema. "Lodwar ni mbali."

"Nitarudi Agosti, shule zikifungwa. Mkiniambia hakuna msichana, nitarudi Desemba. Mkiniambia tena, nitakuwa nimeizoea njia."

Mama alinitazama. Nilikuwa nimeuma ncha ya leso yangu.

"Mama Fancy," baba akaita, "leta maziwa."

Mama alipeleka kibuyu. Baba alimimina kwa Ogola kwanza, kisha kwa Oketch, akijaza vikombe hadi ukingoni. Aliketi.

"Msichana hatuna," akasema tena. "Kuna mmoja tu hapa. Na huyo ni mfupi."

Oketch alikipokea kikombe kwa mikono miwili. "Mzee," akasema, "huyo mfupi nitamngojea."

Baba alimwongezea mjomba Ogola maziwa.

Waliondoka mvua ilipopungua. Sikutoka kuaga, si desturi. Niliona kupitia ufa mgongo wake ukipanda njia, na pale juu, kwenye kona ambapo mtu hupotelea, aligeuka akatazama jikoni, moshi tu, maana hakuwa na kitu kingine cha kuona. Nilihesabu. Kutoka siku hiyo hadi Agosti kulikuwa na Jumamosi saba.

Giza lilipoanza mama alitoka kuingiza viti.

"Viache," baba akasema.

"Vitalowa."

"Viache tu, mama. Vijana wa siku hizi husahau njia."